Kiu na Kuamka: Misingi ya Dini ya Wabuddha na Matawi Yake

Katika maduka ya mapambo huuzwa kisanamu cha mtu mnene mwenye upara, kitambi nje, anayecheka, na mnunuzi huambiwa kwamba huyo ndiye Buddha. Siye. Huyo ni Budai, mtawa wa Kichina anayesimuliwa kuwa aliishi katika karne ya 10, ilhali mwanzilishi wa dini hii aliishi India zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Kosa hilo ni dogo. Lililo kubwa zaidi ni kudhani kwamba Buddha ni jina la mungu. Neno hilo, katika lugha za kale za India, lina maana ya "aliyeamka", nalo ni cheo alichopewa binadamu aliyeitwa Siddhartha Gautama.

Siddhartha alizaliwa Lumbini, mahali palipo leo kusini mwa Nepal, na alifundisha takriban karne ya 5 kabla ya Kristo. Nguzo ya mawe iliyosimamishwa hapo na mfalme Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na kugunduliwa upya mwaka 1896, inataja kwamba ndipo alipozaliwa. Mapokeo yanasimulia kwamba alilelewa katika anasa, akaoa na kupata mwana, kisha akiwa na umri wa miaka 29 akashtushwa na kumwona mzee, mgonjwa na maiti, akaiacha nyumba yake usiku. Alijaribu kufunga na kujitesa mpaka akabaki mifupa, akaona kwamba njia hiyo nayo haifiki popote. Hatimaye aliketi chini ya mti wa jamii ya mtini huko Bodh Gaya, na hapo, wanasema wafuasi wake, akaamka. Mahubiri yake ya kwanza aliyatoa Sarnath, karibu na Varanasi, mbele ya wenzake watano.

Mafundisho hayo yanaitwa Kweli Nne Tukufu, na mpangilio wake unafanana na kazi ya tabibu anayetaja ugonjwa, chanzo chake, uwezekano wa kupona, na dawa. Ugonjwa unaitwa dukkha, neno ambalo "mateso" hulibana mno, kwa kuwa linabeba pia ile hali ya kutoridhika inayomfuata hata mtu aliyepata alichokitaka, maana anajua kwamba hakitadumu. Chanzo chake ni tanha, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu maana ya asili ya neno hilo ni kiu: kiu ya starehe, kiu ya kuendelea kuwapo, hata kiu ya kutoweka. Kiu ikizimika hufikiwa nirvana, na dawa ni Njia ya Sehemu Nane, inayojumuisha mwenendo mwema, riziki ya halali na mazoezi ya kutuliza na kuchunguza mawazo.

Msomaji aliyelelewa katika Uislamu au Ukristo atauliza, Mungu yuko wapi katika haya yote? Buddha hakukana kuwapo kwa miungu, lakini kwake hao nao wamo katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, wala hakumtambua muumba anayeokoa. Jambo gumu zaidi ni kwamba alifundisha kuzaliwa upya huku akikana kuwapo kwa nafsi isiyobadilika. Wabuddha hueleza hilo kwa mfano wa taa inayowashwa kwa moto wa taa nyingine: mwali wa pili si ule wa kwanza, lakini usingewaka bila huo. Kinachoendelea ni matokeo ya matendo, yaani karma.

Kwa karne kadhaa maneno yake yalihifadhiwa vichwani mwa watawa, mpaka yalipoandikwa huko Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Maandiko hayo, yaliyo katika lugha ya Kipali, ndiyo msingi wa Theravada, tawi la Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Laos na Kambodia, ambalo huwapa watawa nafasi ya mbele. Tawi la Mahayana, lililoenea China, Korea, Japani na Vietnam, lilipanua lengo: bodhisattva, mtu aliyekaribia kuamka, huapa kubaki katika mzunguko ili awasaidie viumbe wengine. Ndani yake mmezaliwa Zen, inayotilia mkazo kuketi katika tafakuri, na pia madhehebu ya Ardhi Safi yanayomtumainia Buddha mwingine, aitwaye Amitabha, kwa ibada inayokaribia sana sala. Vajrayana, iliyochipuka humo humo na kustawi Tibet na Mongolia, huongeza taratibu za siri zinazopokelewa kutoka kwa mwalimu. Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti aliyekimbilia India mwaka 1959, ni wa mapokeo haya.

India yenyewe iliipoteza dini hii kwa kiasi kikubwa kufikia karne ya 13, hadi mwanasheria B. R. Ambedkar alipoongoza mamia ya maelfu ya Wadalit, watu waliohesabiwa kuwa chini ya matabaka yote, kuipokea huko Nagpur mwaka 1956, wakiukataa mfumo wa matabaka.

Kwetu Afrika Mashariki, Wasinhala kutoka Sri Lanka walianzisha hekalu Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2005 mtawa Mganda, Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabuddha nchini Uganda. Vyote viwili ni vya Theravada, kwa hiyo mgeni atakayevitembelea atawakuta watawa walionyoa vichwa, wenye mavazi ya rangi ya machungwa au kahawia, wakisoma kwa Kipali.