Ugonjwa wa akili: ni ugonjwa kweli?

Dhana: kisichoonekana kwenye kipimo si ugonjwa.

Mbona kipandauso hatukikatai? Hakuna kipimo cha damu kinachokionyesha. Daktari anakuuliza kichwa kinauma upande gani, mwanga unakusumbua, unatapika? Majibu yako ndiyo yanayomwongoza. Na mtu aliyejifungia chumbani gizani, kanga kajifunika machoni, hatumwambii anajifanya.

Mwaka 1961 Thomas Szasz, daktari wa akili huko Marekani, alitoa kitabu akidai ugonjwa wa akili ni hekaya, kwa kuwa ugonjwa wa kweli huwa mwilini. Namheshimu, maana alipinga watu kufungiwa hospitalini bila ridhaa yao. Ila jambo moja linanizuia kumfuata. Hospitali za vichaa za Ulaya na Marekani zilikuwa na watu wengi waliopooza polepole huku akili ikiwatoka. Mwaka 1913 watafiti Noguchi na Moore wakaviona vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za waliokufa hivyo. Je, mwaka 1912 hawakuwa wagonjwa?

Dhana: daktari akishaandika ni ugonjwa, basi ni ugonjwa.

Mwaka 1851 Samuel Cartwright, daktari wa Louisiana, alitangaza kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akauita drapetomania. Viboko vilikuwa sehemu ya tiba. Kwa kipimo hicho, watoro wa pwani yetu waliojijengea makazi Fuladoyo nao wangeitwa wagonjwa.

Jerome Wakefield, msomi wa Marekani, mwaka 1992 alitaka mambo mawili yawepo pamoja ndipo hali iitwe ugonjwa wa akili: kitu ndani ya mtu kimeshindwa kufanya kazi yake ya asili, na hali hiyo inamdhuru. Mtoro hana hata moja. Akili yake ni timamu, na anayepata hasara ni bwana wake.

Dhana: huzuni ya msiba haiwezi kuwa ugonjwa.

Hapa ndipo penye ugumu. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, wala hatumshangai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, hauiiti huzuni ugonjwa kabla ya miezi 6, na hata hapo ni lazima iwe imepita mbali desturi na dini ya mfiwa, na kumvurugia maisha. Kwa hiyo mama ambaye mwaka wa pili bado anampakulia marehemu sahani yake, lakini sokoni anakwenda na wajukuu anacheka nao, simwiti mgonjwa. Yule asiyeinuka kitandani, asiyekula, watoto wakilishwa na majirani, huyo ningempeleka hospitali kesho asubuhi, ingawa wote wawili wanalia kilio kimoja.