Houston TranStar: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kila kimbunga kinapoukaribia mwambao wa Texas nchini Marekani, jina la Houston TranStar, kituo cha kusimamia mwendo wa magari na dharura katika eneo la Houston, husikika tena na tena katika taarifa za habari, na pamoja nalo hurudi dhana ambazo zimerithiwa kwa miaka mingi bila kuhakikiwa. Iliyoenea zaidi ni ile inayoichukulia TranStar kuwa idara ya serikali yenye mkuu mmoja, askari wake na mamlaka ya kuamuru watu wahame. Ukweli ni kwamba huu ni ushirikiano wa taasisi nne, yaani Idara ya Uchukuzi ya Texas, Kaunti ya Harris, Jiji la Houston na shirika la usafiri wa umma la METRO, ambazo zilifikia makubaliano mwaka 1993 na kuanza kufanya kazi katika jengo la pamoja mwaka 1996. Hakuna iliyomkabidhi mwenzake madaraka. Barabara kuu zilibaki chini ya jimbo, taa za kuongozea magari katika mitaa ya jiji zilibaki za jiji, mabasi yalibaki ya METRO, na kaunti ndiyo yenye ofisi ya kusimamia dharura iliyomo ndani ya jengo hilo. Faida waliyoipata ni kwamba anayetazama kamera za barabarani na anayepanga mabasi wanaweza kuulizana ana kwa ana, badala ya kutafutana kwa simu huku foleni ikizidi kurefuka.

Wengine huamini kwamba ushirikiano huo ulizaliwa kwa sababu ya vimbunga. Kwa kweli mizizi yake imo katika tatizo la kila siku la msongamano, na ni ya zamani kuliko makubaliano yenyewe. Mwezi Agosti 1979, njia moja ya upande usio na magari mengi katika barabara kuu ya I-45, kaskazini mwa Houston, ilianza kutengwa kwa vijiti vya plastiki nyakati za asubuhi na jioni ili mabasi na magari madogo ya abiria yenye kibali yapite yakielekea kinyume na mkondo wa kawaida. Mradi huo uliwalazimu wenye barabara na wenye mabasi kupanga kazi pamoja siku baada ya siku. Mwaka 1984 zilianza kutumika njia maalumu zilizokingwa kwa kuta za zege, nazo pia zilihitaji uangalizi wa pamoja. Kwa hiyo, makubaliano ya 1993 yaliupa sura rasmi uhusiano uliokuwa umekwisha kujengeka kazini.

Dhana inayostahili kuchambuliwa kwa kina zaidi inahusu kimbunga Rita cha Septemba 2005. Inasemwa kwamba magari yalikwama kwa sababu kituo hicho hakikuona kilichokuwa kikitokea barabarani, au kwa sababu barabara zilikuwa chache mno. Maelezo hayo yanaruka jambo lililo kubwa. Rita ilikuja chini ya mwezi mmoja baada ya kimbunga Katrina kuiangamiza New Orleans, na hofu ilikuwa bado mbichi. Utaratibu wa kuhama ulitegemea kwamba wakazi wa maeneo yanayoweza kufunikwa na maji ya bahari ndio wangeondoka, tena kwa kutangulia, lakini waliondoka pia watu wengi wa bara ambao nyumba zao hazikuwa katika hatari hiyo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao milioni 2.5 waliingia barabarani. Magari yaliishiwa mafuta yakiwa kwenye foleni, na joto likawaelemea wagonjwa na wazee. Vifo zaidi ya 100 vilihusishwa na uhamaji huo, vikiwemo vya wazee 23 walioteketea ndani ya basi lililoshika moto katika I-45 karibu na Dallas.

Kamera zilionyesha msongamano. Kilichokosekana ni mpango uliokwisha kuandaliwa wa kuzigeuza njia zote za kuingilia mjini ziwe za kutokea. Hatua hiyo ilichukuliwa katika I-45 na I-10 wakati foleni zilikuwa zimekwisha kufunga. Ni rahisi kushangaa kwamba mji ulioanza kugeuza njia moja mwaka 1979 haukuwa tayari mwaka 2005, ila mshangao huo haupimi ukubwa wa kazi: kugeuza barabara kuu kwa masafa marefu kunataka askari katika kila kiingilio na maafikiano na kaunti nyingine nyingi ambazo hazikuwa ndani ya ushirikiano wa Houston. Baada ya Rita, mipango ya kugeuza njia iliandaliwa mapema, na maeneo ya kuhama yakapangwa kwa namba za posta ili mtu ajue zamu yake. Kimbunga Ike kilipopiga Galveston, mji wa pwani ulio karibu na Houston, tarehe 13 Septemba 2008, wakazi wa bara waliambiwa wazi wabaki majumbani.

Kutoka hapo ndipo inapoeleweka sababu ya Houston kutohamishwa yote wakati wa kimbunga Harvey, Agosti 2017, uamuzi ambao wengi huutaja kama ushahidi kwamba TranStar ilishindwa. Mamlaka ya kuamuru watu wahame yalikuwa kwa viongozi waliochaguliwa, Meya Sylvester Turner na kiongozi wa Kaunti ya Harris, Ed Emmett. Gavana wa Texas, Greg Abbott, alikuwa amewahimiza watu wafikirie kuondoka hata bila amri, na wawili hao hawakukubaliana naye. Hatari kuu kwa Houston ilikuwa mvua, iliyozidi milimita 1,000 katika sehemu kadhaa, na mitaa ya mji huo imejengwa ili ibebe maji ya ziada mifereji inapojaa. Kuwajaza mamilioni ya watu katika barabara za namna hiyo kungewapeleka moja kwa moja kwenye mafuriko. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo, lakini awaulize waliouchukua.

Kuhusu kamera, dhana kwamba zinatumika kutoza faini haina msingi. Kamera za kuwanasa madereva wanaopita taa nyekundu zilikuwa mpango tofauti wa jiji, uliokataliwa na wapiga kura mwaka 2010, na jimbo likazipiga marufuku mwaka 2019. Za TranStar hutazama mwendo wa magari na ajali. Muda wa safari unaotangazwa ulipatikana kwanza kwa kusoma vifaa vya kulipia ushuru wa barabara vilivyobandikwa kwenye vioo vya magari, kisha kwa mawimbi ya Bluetooth, na kinachokokotolewa ni dakika zilizopita kati ya kisomeo kimoja na kinachofuata.