Pleti inauma, nivumilie? Maswali na majibu kuhusu kupima taya kwa meno bandia ya kinywa kizima

Chapa za fizi zilishachukuliwa. Kupima taya tena ni kwa ajili ya nini?

Chapa, yaani alama ya fizi iliyochukuliwa kwa dawa laini inayoganda, humwonyesha fundi umbo la fizi zako tu. Haimwambii taya la chini lipo umbali gani kutoka la juu, wala limekaa mbele au nyuma kiasi gani. Mwenye meno yake hana shida hiyo, kwa sababu meno yakikutana taya hupata mahali pa kusimama. Yakishang'oka yote, taya la chini linabaki linaning'inia kwenye misuli na vile viungo viwili mbele ya masikio, na linaweza kufunga popote. Siku ya kupima taya tunatafuta mambo mawili: kimo, yaani uso uwe na urefu gani meno yanapokutana, na mahali, yaani taya la chini likae wapi linaporudi nyuma lenyewe bila kulazimishwa. Yakikosewa hayo mawili, pleti, yaani meno bandia yako, itakuumiza hata kama imeng'arishwa kama kioo.

Mtaani kuna fundi anachukua vipimo asubuhi, jioni unavaa. Kwa nini ninyi mnanizungusha?

Anayekuvisha jioni amekisia taya lako. Pleti za kinywa kizima zikitengenezwa sawasawa huchukua takriban ziara tano: chapa ya kwanza, chapa ya pili kwa kijiko cha kuchukulia chapa kilichotengenezwa kwa ajili ya kinywa chako, kupima taya, kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta, kisha kukabidhiwa. Baada ya hapo unarudi kuangaliwa ndani ya siku moja au mbili. Akriliki, plastiki ngumu inayotengenezewa pleti, nayo hupikwa kwenye maji kwa saa kadhaa na kuachwa ipoe polepole. Ikiharakishwa inapinda, na dawa isiyoiva inabaki ndani ikiwasha kinywa.

Shikamoo daktari. Mama anatoka mkoani, nauli ni ya shida. Hatuwezi kuruka ziara moja?

Marahaba. Ziara mbili zinaweza kuunganishwa mkipanga na kliniki mapema, na mama akalala mjini siku chache. Lakini ziara ya kupima taya na ya kujaribu meno kwenye nta haziunganishwi wala haziachwi. Nauli mtakayookoa leo mtailipa mara tatu mkirudi na vidonda.

Siku ya kupima taya nije vipi?

Ukiwa umelala, umekula, na huna haraka. Taya la mtu aliyechoka au mwenye wasiwasi halipumziki, na taya lisilopumzika halipimiki.

Kama una pleti za zamani, zivue usiku kucha kabla ya kuja. Kama zimekutoboa fizi, zivue siku mbili tatu au zaidi kwa jinsi utakavyoelekezwa, maana fizi iliyovimba inabadilisha kila kipimo. Lakini njoo nazo mfukoni. Wengi wanaziacha nyumbani kwa aibu kwamba zimechakaa. Kuchakaa kwake ndiko tunakotaka kuona: jinsi meno yalivyolika huonyesha taya limekuwa likitelezea wapi. Picha ya zamani unayocheka, meno ya asili yakionekana, nayo ni mali.

Na kama meno yameng'olewa mwezi uliopita, vuta subira. Fizi zinahitaji walau wiki 6 hadi 8 kufunga, na mfupa hupungua kwa kasi katika miezi ya mwanzo. Pleti iliyowahi mno itaanza kucheza kabla hujaizoea.

Mle chumbani hufanyika nini?

Fundi huwa ameandaa vitako viwili vya muda, kila kimoja kikiwa na tuta la nta mahali meno yatakapokaa. Kwa kuanzia, tuta la juu kwa mbele huwa na kimo cha milimita 22 hivi kutoka mfereji wa mdomo, pale mdomo unapokutana na fizi, la chini 18. Hivyo ni vya kuanzia tu; kinachoamua ni uso wako.

Tuta la juu ndilo hutangulia. Linakatwa au kuongezwa hadi mdomo ukitulia lionekane milimita 1 hadi 2 chini ya mdomo wa juu. Kwa mzee ambaye mdomo umelegea, pungufu ya hapo. Kwa mbele liwe sambamba na mstari unaopita kwenye mboni za macho, kwa pembeni sambamba na mstari kutoka pembe ya pua hadi kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio. Likiinama upande mmoja, kicheko chako kitapinda.

Kisha kimo. Unakaa wima, kichwa hakiegemei kitu. Kidoti kimoja ncha ya pua, kingine kidevuni. Unaramba midomo, unameza mate, unatamka "mama" na kutulia hapo. Umbali kati ya vidoti unapimwa, mara tatu, hadi namba zikubaliane. Tuseme ni milimita 70. Meno hayatakiwi kukutana kwenye 70. Yakutane kwenye 66 hadi 68, kwa kuwa taya likipumzika lazima kubaki mwanya wa milimita 2 hadi 4 kati ya meno ya juu na ya chini. Mwanya huo ndio pumziko la fizi na misuli. Tuta la chini hupunguzwa mpaka kipimo hicho kipatikane.

Halafu unazungumzishwa. Hesabu kutoka sitini hadi sabini. "Sitini na sita" ni kipimo kizuri kuliko vifaa vingi: matuta yakigongana unapotamka, kimo kimezidi. Watu hucheka wakiambiwa wahesabu, lakini wasihesabu kwa mzaha. Semeni kama mnavyosema sokoni.

Mwisho mahali pa taya. Unakunja ulimi, ncha yake iguse nyuma kabisa ya kaakaa, unafunga polepole bila nguvu. Baadhi yetu hubandika kidonge cha nta nyuma ya kitako cha juu ili ulimi ukitafute. Matuta hukatwa vijipengo, huwekwa nta laini au silikoni katikati, unafunga, tunasubiri igande. Tunatoa, tunarudia. Rekodi mbili zisipolingana, hakuna rekodi. Kabla ya kuondoka, kwenye nta huchorwa mstari wa katikati ya uso, mistari ya chonge na mstari wa kicheko, kisha kila kitu hufungwa kwa plasta ya jasi kwenye atikuleta, kile chombo kinachoiga mwendo wa taya.

Inauma?

Haiumi. Inachosha.

Kwa nini daktari ananikataza kung'ata kwa mbele wakati ndivyo ninavyokula?

Kwa sababu hivyo ndivyo ulivyojifunza kula bila meno. Mtu aliyekaa miaka na fizi tupu, au na pleti iliyolika, hupeleka kidevu mbele ili fizi zikutane. Ukipimwa ukiwa umekipeleka mbele, meno yatapangwa huko. Utafika nyumbani, ukilala taya linarudi nyuma, na kesho yake meno yanakutana visivyo. Kila ukifunga, pleti ya chini inasukumwa mbele na kukwangua fizi kwa ndani, upande wa ulimi. Mazoea hayo yakiwa makali, pleti ya zamani huongezwa kimo kwa akriliki na kuvaliwa wiki kadhaa ili misuli isahau, ndipo ipimwe mpya. Usione unacheleweshwa.

Nimepewa pleti mpya, inauma wiki ya tatu sasa. Nimeambiwa nivumilie, fizi zitazoea.

Hapana. Fizi hazioti sugu. Kiganja cha mkulima huota sugu kwa mpini wa jembe. Fizi ikigandamizwa na pleti yenye kosa hutoboka, na mfupa ulio chini yake hulika. Tofautisha mambo mawili. Kujisikia kinywa kimejaa, mate kuwa mengi, matamshi kuwa mazito, hayo huzoeleka katika wiki chache za kula vyakula laini. Maumivu na kidonda havizoeleki. Siku ya kwanza ikiuma, piga simu. Siku ya pili, njoo. Wiki tatu umekaa nyumbani unameza dawa za maumivu kwa kitu ambacho huenda kingerekebishwa kwa dakika kumi kwenye kiti.

Jirani yangu alivumilia miezi mitatu, maumivu yakaisha yenyewe.

Mwambie afunue mdomo mbele ya kioo. Maumivu huisha kwa njia tatu, na zote ni hasara. Mfupa umelika mpaka pleti imepata nafasi, na mfupa wa taya la chini uliolika haurudi. Au ameacha kutafunia upande huo. Au pembezoni mwa pleti imeota nyama, mkunjo mwekundu unaoning'inia kama ukingo wa pazia. Huo mara nyingi unaondolewa kwa upasuaji mdogo kabla hata ya kuchukua chapa mpya. Hakuna sugu hapo. Fizi hazikuzoea, ziliharibika kimyakimya.

Je, nikiichonga mwenyewe kwa msasa pale inapouma?

Tafadhali, usifanye hivyo. Msasa, tupa, kisu cha kucha: weka chini. Mahali panapouma si lazima ndipo penye kosa. Kidonda kilichokaa kwenye ukingo wa pleti kwa kawaida ni ukingo mrefu, hicho hupunguzwa. Lakini uchungu uliosambaa juu ya fizi nzima, misuli ya mashavu ikichoka hadi jioni na meno yakigongana ukiongea, ni kimo kilichozidi. Hapo ukichonga ndani ya pleti unaharibu mshiko na kimo kinabaki vilevile. Kidonda kitahama tu. Pleti iliyochongwa nyumbani mara nyingi hairekebishiki tena, na mgonjwa anashangaa kulipishwa upya. Iliyopasuka pia usiigundishe kwa gundi ya viatu.

Kidonda kina mwezi. Nasukutua maji ya chumvi, hakiponi.

Mwezi ni mrefu mno. Kidonda cha pleti, pleti ikivuliwa au ikirekebishwa, hupona ndani ya wiki 2. Kisichopona ndani ya wiki 2 si cha kusukutua; kinatakiwa kuangaliwa na daktari wa kinywa na pengine kukatwa kipande kidogo cha kupimwa, kwa sababu saratani ya kinywa nayo huanza kama kidonda, na mwanzoni mara nyingi haiumi. Kama unatafuna tambuu yenye tumbaku, unaweka ugoro, unavuta au unakunywa pombe, usisubiri hata hizo wiki 2. Wengi huficha saratani nyuma ya maneno yaleyale: "ni pleti tu, nitazoea." Wiki 2. Andika tarehe ukutani kama unasahau.

Pembe za mdomo zinachanika, nimemeza vitamini nyingi bila nafuu.

Vaa pleti, funga meno, jitazame kwa upande. Kidevu kikikaribia pua na pembe za mdomo zikikunjika, kimo kimepungua: ama kilipimwa kifupi, ama meno yamelika kwa miaka. Mate hukaa kwenye mikunjo, fangasi wanastawi. Dawa ya fangasi itatuliza, itarudi tena kama kimo hakijarekebishwa. Na acha kulala na pleti. Fangasi wa kaakaa na wa pembe za mdomo ni ndugu. Usiku pleti ilale kwenye maji ya baridi, asubuhi isuguliwe kwa brashi na sabuni ya kawaida. Maji ya moto huipinda.

Siku ya kujaribu meno kwenye nta lazima nije? Si yataonekana tu yakiwa tayari?

Lazima, na mje wawili, wewe na yule atakayeyatazama kila siku nyumbani. Meno yakiwa kwenye nta, jino lililokaa vibaya huhamishwa kwa kisu chenye moto. Kimo kikiwa kimekosewa, rekodi hurudiwa. Yakishapikwa kwenye akriliki, kosa la milimita 1 husahihishwa kwa kusaga, la milimita 4 kwa kuanza upya. Siku hiyo sema ukweli: hesabu sitini na sita tena, meza mate, tabasamu. Kunyamaza kwa heshima halafu kulalamika nyumbani hakumsaidii mtu.

Nina pleti za miaka 15, hazijawahi kuniuma. Nibadilishe?

Njoo ziangaliwe. Pleti huhitaji kupimwa upya kila miaka 5 hadi 7 hivi, kwa kuwa fizi hushuka chini yake na meno ya akriliki hulika. Kutouma si kipimo.

Nikija kulalamika kwamba inauma, nibebe nini?

Pleti zote mbili, hata kama ni moja tu inayouma, maana meno hukutana ya juu na ya chini. Za zamani pia. Kama uliivua kwa maumivu, ivae tena saa chache kabla ya kufika ili alama ionekane kwenye fizi. Fizi iliyopona haitaonyesha mahali pa kurekebisha. Na ujue kueleza: inauma ukitafuna, ukimeza, au hata ukiwa umekaa kimya?