Je, wajua? Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu siku 44 baada ya uhuru

Ukiuliza nani alikuwa rais wa Tanganyika siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, wengi watajibu bila kusita: Nyerere. Hapana. Siku hiyo Tanganyika haikuwa na rais. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Pili, naye aliwakilishwa Dar es Salaam na Gavana Jenerali Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa mwisho wa kikoloni. Mwalimu alipopokea hati za uhuru kutoka kwa Mwanamfalme Philip pale uwanjani, alizipokea akiwa Waziri Mkuu.

Kosa hili si dogo, kwa sababu linaufuta mwaka mzima. Tarehe 22 Januari 1962 Nyerere alijiuzulu na kumwachia kiti Rashidi Kawawa. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi na ile iliyobana migomo ya wafanyakazi, ambazo wengi huzihesabu kuwa za Rais Nyerere, zilipitishwa mwaka huo huo, Kawawa akiwa Waziri Mkuu. Hata hivyo Nyerere hakuwa mbali: alibaki rais wa TANU, na chama ndicho kilichoshika serikali.

Kwa nini basi aondoke? Jibu lenye uzito zaidi ni chama chenyewe. TANU ilizaliwa 1954 kwa lengo moja, uhuru, na sasa uhuru umepatikana. Fikiria timu iliyotwaa kombe, kisha nyota wake wote wakasajiliwa kwingine msimu ule ule: jezi zipo, mashabiki wapo, lakini nani atacheza? Makatibu na wahamasishaji hodari waliitwa serikalini, kwenye uwaziri na ofisi za utawala, na huko wilayani mwanachama aliona kazi imekwisha. Nyerere alitaka kuzunguka nchi kuwaeleza watu kwamba adui sasa ni ujinga, umaskini na maradhi, na kwamba vita hivyo haviwezi kupiganwa na serikali peke yake. Aprili 1962 akatoa kijitabu chake kuhusu Ujamaa.

Wapo wanahistoria wanaoongeza shinikizo la ndani: wana-TANU waliotaka Waafrika washike nafasi za Wazungu haraka zaidi, na mvutano wa uraia wa mwaka 1961, ambapo Nyerere alikataa katakata uraia wa kuangalia rangi. Shinikizo hilo lilikuwepo kweli. Kwamba ndilo lililomwondoa, ushahidi wake ni mwembamba zaidi.

Novemba 1962 alimshinda Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha Tanganyika, kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura, akaapishwa kuwa rais wa kwanza 9 Desemba, Tanganyika ilipokuwa jamhuri. Kawawa akawa Makamu wa Rais na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kiliporudishwa mwaka 1972, aliyekabidhiwa alikuwa Kawawa tena.