PSA imepanda: kwa nini upigwe MRI kabla ya kuchukuliwa kinyama

PSA yangu imetoka 6.2. Je, nina saratani ya tezi dume?

Bado haijulikani. PSA ni protini ya tezi dume yenyewe, nayo hupanda kwa sababu nyingi: tezi kukua kwa umri, maambukizi ya njia ya mkojo, mkojo kuziba, hata mpira wa mkojo uliowekwa karibuni. Katika wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya wanne ndiye hukutwa na saratani akichukuliwa kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vinavyotolewa kwa sindano ili vipimwe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudia kipimo kwa utaratibu. Kama ulikuwa na maambukizi, yatibiwe kwanza, kisha subiri wiki 6 hivi. Usimwage shahawa kwa saa 48 kabla ya kutoa damu. Na kama unatumia finasteride au dutasteride, dawa za kupunguza tezi iliyokua, mwambie daktari bila kukosa. Dawa hizi zikitumika miezi 6 au zaidi hushusha PSA karibu nusu, hivyo 3 inayoonekana njema huenda kwa kweli ni 6. Kosa hili huchelewesha watu, na kuliepuka ni kutaja jina la dawa tu.

Mimi nakojoa vizuri kabisa. Kuna haja gani?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Njia ya mkojo hupita katikati ya tezi, na sehemu hiyo ya kati ndiyo inayovimba kwa umri na kubana mkojo, mara nyingi bila saratani yoyote. Saratani nyingi, karibu 70 kati ya 100, huanzia ukanda wa nje, upande wa nyuma, mbali na njia hiyo. Inaweza kukaa pale miaka bila kugusa mkojo. Ukisubiri dalili, unasubiri itoke nje ya tezi au ifike kwenye mifupa.

Wanaume wengi huanza kuzungumza na daktari kuhusu kipimo wakiwa na miaka 50. Mwenye asili ya Kiafrika, au ambaye baba au ndugu yake wa kiume aliugua, aanze mapema, kati ya 40 na 45.

Kwa nini MRI kwanza, sindano baadaye?

MRI ni picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa. Zamani PSA ikipanda, mtu alichomwa sindano 10 hadi 12 zilizotawanywa kwenye tezi, daktari akiongozwa na altrasaundi inayoonyesha umbo la tezi lakini mara nyingi haionyeshi uvimbe. Ni kama kutafuta funza kwenye embe kwa kuchoma gizani: unaweza kupita pembeni yake mara zote.

Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa 2017, ulipima wanaume 576 kwa njia zote mbili. MRI ilibaini asilimia 93 ya wenye saratani hatari. Sindano za kawaida, asilimia 48. Mwaka uliofuata utafiti wa PRECISION uligawa wanaume 500 makundi mawili. Waliopigwa MRI kwanza, asilimia 28 hawakuhitaji sindano kabisa. Saratani yenye makali ilipatikana kwa asilimia 38 ya kundi hilo lote la MRI, dhidi ya 26 kwa waliochomwa moja kwa moja. Saratani zile ndogo zisizo na haraka zilikuwa asilimia 9 dhidi ya 22. Takwimu hii ya mwisho ina uzito wake, kwa sababu saratani ya namna hiyo ikishaandikwa kwenye faili, wapo wanaoishia kukatwa tezi, na kubaki na mkojo unaovuja au nguvu za kiume zilizopotea, kwa ugonjwa ambao ungefuatiliwa tu.

Mashine inaona nini hasa?

Inafuata maji. Tezi yenye afya ina vijifereji vilivyojaa majimaji, na maji hayo husogea kwa uhuru. Seli za saratani hujibana, maji yanakosa nafasi, na mahali hapo huonekana doa jeusi kwenye picha inayopima msogeo wa maji. Picha nyingine huonyesha umbo la tezi kwa undani. Ya tatu hupigwa baada ya kudungwa dawa ya rangi mshipani, kuona wapi damu inaingia upesi. Siku hizi picha mbili za kwanza zinaweza kutosha zikipigwa vizuri. Utafiti wa PRIME wa 2025 ulionyesha kwamba kuacha dawa ya rangi hakukupunguza uwezo wa kubaini saratani hatari.

Nijiandae vipi?

Nenda haja kubwa kabla ya kulala mashineni. Tezi imelalia utumbo wa mwisho, na gesi iliyojaa hapo hupindisha ile picha ya msogeo wa maji, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote. Vituo vingine hutoa enema ndogo, yaani maji ya kusafisha utumbo kupitia mkunduni, saa chache kabla.

Taja kifaa cha moyo, chuma chochote mwilini, na vipande vya chuma vilivyowahi kuingia jichoni. Nyonga ya bandia haizuii kipimo, ila inaweza kuharibu picha. Kama utadungwa dawa ya rangi, sema kama una tatizo la figo. Aliyechukuliwa kinyama karibuni asubiri angalau wiki 6, maana damu iliyobaki ndani ya tezi huchanganya msomaji. Kipimo huchukua dakika 15 hadi 45, kina kelele nyingi, na hakina mionzi.

Ripoti inasema PI-RADS 4. Nifanye nini?

PI-RADS ni alama ya shaka, 1 hadi 5, haithibitishi saratani. Kwa 1 na 2 uwezekano wa saratani hatari ni mdogo, 4 na 5 ni mkubwa. Tofauti ya 4 na 5 ni ukubwa: doa lililofika sentimita 1.5, au lililotoka nje ya tezi waziwazi, hupewa 5. Makovu na uvimbe wa maambukizi pia huweza kupewa 4, ndiyo maana kinyama lazima kichukuliwe.

Alama 3 ndiyo ngumu. Hapo gawanya PSA kwa ujazo wa tezi. Ujazo ni urefu mara upana mara kina mara 0.52. Tezi ya sentimita 5 kwa 4.8 kwa 4.8 ina mililita 60 hivi, PSA 6.2 ukigawa kwa 60 unapata 0.10. Tezi ya mililita 30 kwa PSA hiyohiyo inatoa 0.21. Zaidi ya 0.15, shaka inaongezeka na sindano inashauriwa. Kwa hiyo ripoti isiyo na ujazo wa tezi irudishwe ikamilishwe.

Kinyama chenyewe huchukuliwa kwenye doa, vipande 3 hadi 5, mara nyingi pamoja na vingine pembeni. Kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na mkundu kunapunguza hatari ya maambukizi, kwani sindano haipiti kwenye kinyesi. Kinachoharibu zaidi ni picha ya MRI kutolingana na ya altrasaundi: mgonjwa akijisogeza, au kifaa kikikandamiza tezi, doa linahama milimita kadhaa na sindano inakosa.

Si bora nipige PET ya PSMA moja kwa moja?

Hapana. Hiyo ni picha ya mwili inayotumia dawa yenye mionzi inayonata kwenye seli za saratani ya tezi dume, na kazi yake ya kawaida inakuja baadaye, saratani ikishathibitishwa na ikiwa ya hatari kubwa, kuangalia kama imesambaa.

MRI imetoka safi. Nimemaliza?

MRI hukosa wachache, na hukosa wengi zaidi picha zikiwa mbovu. PSA irudiwe kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila miezi 6 hadi 12 mwanzoni, na ikiendelea kupanda MRI inarudiwa. Omba picha zenyewe kwenye diski, usichukue karatasi ya ripoti peke yake: atakayesoma mara ya pili anahitaji kuweka doa la leo kando ya lile la mwaka jana.