Inglenook: fumbo la mabehewa manane kwenye ubao wa futi nne

Inglenook ni reli ya mfano isiyo na mzunguko. Ina pointi mbili (pointi ni pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili), matawi matatu yaliyozibwa mwisho, kichwa kimoja cha treni na mabehewa manane ya mizigo. Treni haiendi popote. Kazi ni kushunti tu: kuvuta na kusukuma mpaka mabehewa yakae kwa utaratibu uliotolewa na kura. Aliyeubuni ni Mwingereza Alan Wright, akiiga yadi ndogo ya Kilham kwenye reli ya Alnwick hadi Cornhill, kaskazini mwa Uingereza.

Uzito wa dhana hii hauko kwenye umbo la reli, uko kwenye urefu wake. Tawi refu linabeba mabehewa 5 tu. Matawi mafupi mawili yanabeba 3 kila moja. Njia iliyo upande wa pili wa pointi, tuiite shina, inabeba kichwa na mabehewa 3, basi. Jumla matawi yana nafasi 11 kwa mabehewa 8, kwa hiyo wakati wote unazo nafasi tatu tupu za kuchezea. Ukishaongeza urefu "kidogo tu ili kuwe na nafasi", umebaki na matawi mazuri lakini fumbo limekufa.

Mchezo unaanza na mabehewa 5 kwenye tawi refu na 3 kwenye tawi fupi moja; lingine tupu. Andika kadi nane, moja kwa kila behewa, zichanganye, vuta tano. Mabehewa hayo matano yaishie kwenye tawi refu kwa mfuatano uleule wa kadi, bila kuyainua kwa mkono. Mifuatano inayowezekana ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720, na yote inafunguka. Ukikwama, ujue ni wewe, siyo kadi.

Tuangalie kwa nini shina ni la mabehewa matatu. Behewa jekundu limekaa ndani kabisa ya tawi fupi, mbele yake kuna la kijani na jeusi. Kichwa kinaingia, kinashika jeusi, kinavuta yote matatu hadi shinani. Sasa jekundu, lililokuwa la mwisho ndani, ndilo liko kwenye ncha iliyo wazi. Pointi inageuzwa, msafara unasukumwa kwenye tawi tupu, jekundu linafunguliwa na kuachwa humo. Kijani na jeusi vinarudi nyumbani. Umelitoa kwa mizunguko miwili. Sasa fikiria shina lingebeba mawili tu: jekundu lisingevutwa pamoja na wenzake, ungelazimika kuyahamisha mawili ya mbele kwanza, ndipo urudi kulichukua. Na lingebeba matano, tawi refu zima lingevutwa kwa mkupuo mmoja, kazi ikaisha kabla ya chai kupoa.

Vipimo vinaanzia kwenye behewa lako, si kwenye mchoro wa mtu mwingine. Panga mabehewa yote kwenye reli yakiwa yameungana, pima, gawa kwa nane. Kwenye skeli ya H0 (1:87) au 00 (1:76), ambazo zote hutumia reli ya milimita 16.5, behewa fupi la ekseli mbili huchukua takriban milimita 80 pamoja na kiungio chake. Kichwa kidogo cha kushuntia huwa kama 120. Shina basi ni 120 + 240, ongeza 30 za kupumulia: 390. Pointi ndogo ya kampuni ya Peco ina urefu wa milimita 185. Baada ya pointi kuna kama milimita 70 ambazo huwezi kuegesha kitu, kwa sababu njia mbili bado zimekaribiana na mabehewa yatagongana ubavu.

Mpangilio unaobana nafasi vizuri ni huu: pointi ya kwanza igawe tawi refu upande mmoja na pointi ya pili upande mwingine, nayo ya pili igawe matawi mafupi mawili. Tawi refu linakuwa 70 + 400, jumla 470. Upande wa pili ni 185 ya pointi, 70, kisha 240, jumla 495. Pande zote mbili zinaishia karibu mahali pamoja. Jumlisha 390, 185 na 495 unapata 1,070, ongeza vizuizi vya mwisho wa reli, na ubao wa futi 4 kwa futi 1 unatosha. Plaiwudi ya kawaida ni futi 8 kwa 4, kwa hiyo mwambie fundi akate kipande cha futi moja kwa upande mfupi. Unaondoka na ubao kamili bila mabaki ya ajabu. Chagua unene wa milimita 9 au 12, na chini yake piga fremu ya mbao. Plaiwudi bila fremu hupinda, na ikipinda katikati, mabehewa mepesi yanaweza kutembea yenyewe wakati umeyaacha.

Kosa la vipimo linalojirudia ni kupima shina hadi ndani ya pointi badala ya kuishia kabla ya ncha za ndimi zake (reli mbili nyembamba zinazosogea kugeuza njia). Gurudumu la behewa la tatu likibaki juu ya ulimi, pointi haigeuki, au inageuka na kuangusha behewa. Lingine ni kuchanganya mabehewa ya urefu tofauti. Hapo "mabehewa 5" haina maana tena.

Umeme ni volti 12 za mkondo mnyoofu, na kwa Inglenook unaweza kuanza na nyaya mbili tu zilizochomewa kwenye shina. Siri iko kwenye aina ya pointi. Mahali reli mbili zinapokatana kuna kipande chenye umbo la V ambacho wenye fani hukiita frogi. Kikiwa cha plastiki, hakina umeme, na kichwa chenye magurudumu manne kinaweza kufia hapohapo kikitembea polepole. Kikiwa cha chuma chenye umeme, kichwa hakizimiki, lakini frogi na reli mbili zinazotoka humo hubadilisha upande wa umeme kila pointi inapogeuzwa. Ndiyo maana umeme uingie kutoka shinani. Ukipeleka waya mwingine mwishoni mwa tawi bila kukata reli kwa viungio vya plastiki baada ya frogi, siku utakayogeuza pointi utapata shoti, na utahangaika ukidhani kontrola (kifaa cha kuendeshea treni) imeharibika.

Njia ya nyaya mbili ina udhaifu wake: umeme wa matawi unategemea ulimi kugusana na reli ya pembeni. Tone la gundi ya kokoto au rangi hapo, tawi zima linakufa. Tiba ya kudumu ni viungio vya plastiki kwenye reli mbili zinazotoka frogini, waya wa peke yake kwa kila tawi, na swichi ndogo inayosogea pamoja na ndimi ili kulisha frogi. Kwa pointi mbili tu, kazi hiyo ni ya jioni moja.

Majaribio yafanyike reli ikiwa imeshikiliwa kwa pini, kabla ya gundi. Anza bila umeme. Sukuma behewa moja kwa kidole kupitia kila njia, mbele na nyuma. Likidunda au kupanda kwenye frogi, usiiguse reli kwanza. Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu. Kwenye H0 na 00 itakiwayo ni kama milimita 14.4 hadi 14.5. Ikizidi, gurudumu hugonga ncha ya V. Kisha weka multimita kwenye mlio wa kupima muunganiko, gusa reli zote mbili za shina: ikilia, una shoti. Geuza kila pointi, pima tena.

Ndipo kichwa kiingie, kwa mwendo wa chini kabisa. Kikizima mahali palepale kila mara, tatizo ni reli. Kikizima popote, ni uchafu wa magurudumu, na kitambaa chenye alkoholi ya isopropili kitamaliza. Mwisho sukuma mabehewa matatu, usivute. Kuvuta huficha makosa. Kusukuma kupitia pointi mbili zinazopinda pande tofauti hufanya vibao vya mbele vya mabehewa vikwaruzane na kunasa, na behewa jepesi la katikati ndilo huruka. Liongezee uzito sakafuni kwanza. Lisipotulia, weka kipande cha reli iliyonyooka kati ya pointi mbili, ukikubali ubao urefuke.

Ukikosa hata futi nne, skeli ya N (1:160, reli ya milimita 9) hupunguza ubao hadi kama sentimita 65. Anayetaka yadi yenye sura ya reli ya mita moja ya Afrika Mashariki atumie H0m, reli ya milimita 12, lakini mabehewa marefu ya bogi mbili (fremu ndogo zenye magurudumu, moja kila ncha) yatataka ubao mrefu zaidi. Hesabu ni ileile: pima behewa, kisha 5, 3, 3, na shina la kichwa na matatu.