Samaki wa mababu? Si huyo sahanini

Keti Dunga, Kisumu, uagize mbuta (sangara) kwa ugali, hutakosa wa kukwambia: "Hiki ndicho chakula cha mababu." Ugali wa mahindi una kesi yake, leo tushughulike na samaki.

Mbuta ni mgeni. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Hata huyo tunayemwita ngege (tilapia), mara nyingi ni nyamami, tilapia wa Nile, mgeni wa miaka hiyo hiyo. Ngege halisi karibu ametoweka ziwani. Ukimtaka, mtafute Ziwa Kanyaboli kule Siaya.

Kwa muda mrefu mbuta alikaa kimya. Miaka ya 1980 akafurika ghafla, na fulu, vijisamaki vya mamia ya aina visivyopatikana kwingine duniani, vikaliwa hadi aina nyingi zikaisha kabisa. Ila tusimbebeshe mbuta lawama zote. Udongo na mbolea kutoka mashambani vilichafua maji na kupunguza hewa ndani yake. Fulu jike humchagua dume kwa rangi, sasa kwenye tope atamwonaje? Aina zikachanganyika.

Ndiyo maana wanaosema "ondoeni mbuta, ziwa litarudi kama zamani" wanakosea pia. Aina iliyokwisha haina mbegu. Mbuta alipopungua kwa kuvuliwa, baadhi ya fulu walionekana tena, lakini si wale wale: wengine wana matamvua makubwa zaidi, ya kupumulia maji yenye hewa haba. Omena (dagaa) naye, mwenyeji wa kweli, aliponea kwa kukomaa mapema, akiwa mdogo zaidi.